GEUZA, HAMISHA, BADILISHA: matumizi katika habari za programu za zamani

geuza *kt* [ele] fanya kitu kiwe na umbo, upande au hali nyingine, kikiwa bado ni kilekile. *Minyambuliko:* geuka, geuzwa, geuzia, geuzika.

Maelezo ya matumizi

Katika maandishi ya kompyuta vitenzi hivi vitatu huchanganywa, ilhali kila kimoja huagiza kazi tofauti. Reli inayopita Kaliua, ambako tawi la Mpanda huachana na njia iendayo Kigoma, yatosha kuonyesha tofauti hiyo. Njia hiyo ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli ya kisasa ya SGR ina milimita 1,435. Ukipakua shehena na kuipakia kwenye behewa jingine, *umeihamisha*. Ukiliacha behewa la zamani na kuchukua jipya, *umelibadilisha*. Ukilifungia behewa lilelile magurudumu ya upana mpya, *umeligeuza*.

Mwaka 2008 IBM ilitoa toleo la 6.1 la mfumo endeshi wa kompyuta zake za kiwango cha kati, zilizoanza kuuzwa kwa jina la AS/400 mwaka 1988. Programu zilizokwisha kufanywa msimbo wa mashine zilihitaji kutafsiriwa upya. Mfumo wenyewe uliifanya kazi hiyo bila msimbo chanzo, mradi ndani ya programu zimebaki data za uundaji wake: wakati wa kuirejesha kutoka nakala ya akiba, kwa amri maalumu, au programu ilipoitwa mara ya kwanza. Kitenzi kifaacho hapa ni *geuza*. *Tafsiri* hueleza namna kazi inavyofanyika. *Geuza* hueleza matokeo yake.

Programu iliyoundwa kwa toleo lililotangulia 5.1, kisha ikaondolewa data hizo, *haigeuziki*. Hiyo huundwa upya kutoka msimbo chanzo. Msimbo ukiwa umepotea, hapana budi *ibadilishwe*. Kwa hiyo mfasiri akiandika “badilisha programu zote”, fundi aweza kufuta programu ambayo ingegeuzwa tu, na ambayo chanzo chake hakipo tena.

Mifano

*Programu za mishahara zitageuzwa baada ya mfumo kuboreshwa.* (Zinabaki zilezile.)

*Programu zimehamishwa kutoka seva ya Tabora hadi seva ya Kaliua.* (Mahali tu pamebadilika.)

*Programu ya ghala imebadilishwa.* (Ya zamani haitumiki tena.)

Tanbihi

Jina la kitendo ni *ugeuzaji*: “ugeuzaji wa programu”. *Mageuzi* limezoeleka kwa mabadiliko ya siasa, uchumi na jamii. “Mageuzi ya programu” humfanya msomaji afikirie mpango mpya wa kazi, si faili zilizomo ndani ya mashine.