Miaka 60 ya ‘Afadhali Ukoloni’: Somo lililozaliwa na ugomvi

Oktoba 22, 2026 inatimia miaka 60 tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waandamane hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka wahitimu walitumikie taifa miaka miwili, sehemu kubwa kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Rais, Mwalimu Nyerere, aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwafukuza karibu wanafunzi 400.

Swali likabaki: chuo kinamlea msomi wa nani? Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967, mwezi uliofuata wasomi walikutana chuoni hapo, Mlimani, kulijadili swali hilo. Ikaja kozi ya pamoja: awe wa sheria au wa sayansi, mwanafunzi asome historia, uchumi na siasa za jamii yake. Kutoka kozi hiyo ikaja DS, yaani taaluma za maendeleo, na taasisi yake ilianzishwa 1973.

Lakini moto wenyewe ulikuwa nje ya ratiba. Karim Hirji, mmoja wa wahariri wa jarida la Cheche, ameandika kumbukumbu za siku hizo, nami namfuata yeye. Chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, ambacho Yoweri Museveni alipata kukiongoza, kilikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili. Hayakuwa na alama wala cheti. Novemba 1969 likatoka Cheche, likichapwa kwa stensili, kurasa zikipangwa na kubanwa na wanafunzi wenyewe. Mwanahistoria Walter Rodney aliandika humo. Issa Shivji, kijana wa sheria, akauliza bila kuzunguka: mashirika yametaifishwa, je, anayenufaika ni mkulima au ofisa? Swali hilo liliuma. Novemba 1970 jarida na chama vyote vilipigwa marufuku, kwa maelezo kwamba jina Cheche limeazimwa kwa Warusi na Tanzania haihitaji itikadi ya kuletewa. Vijana waliosoma Azimio kwa dhati kuliko wengi wakaambiwa wanaiga wageni! Ilikuwa dhuluma. Hawakunyamaza: likaja jarida la Maji Maji.

Leo DS bado ni lazima Mlimani, ila wengi wanaikariri wapate alama waondoke. Nje ya chuo, Kibaha, pale Kwa Mfipa, tangu Februari 2022 kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, ya vyama sita vya ukombozi Kusini mwa Afrika, iliyojengwa kwa msaada wa China. Majengo yanapendeza. Wanaofunzwa uongozi humo wapewe Cheche wasome, hasa makala ya Shivji, kisha waruhusiwe kubishana nayo.