Upepo Hauombi Pasi

Tarehe 26 Aprili 1986, tanuri namba 4 la kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya Kisovieti, lililipuka. Moscow ilinyamaza. Siku mbili baadaye, vipimo vya kituo cha Forsmark, Sweden, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, vilinasa mionzi iliyoletwa na upepo. Ndipo jioni ile Moscow ikakiri. Hofu ikatanda Ulaya. Poland ikawanywesha mamilioni ya watoto dawa ya iodini.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Septemba mwaka huo huo, mataifa yalipitisha mjini Vienna mkataba unaoitaka nchi iliyopatwa na ajali kama hiyo kuziarifu mara moja nchi zinazoweza kudhurika. Upepo hauombi pasi. Jirani anayo haki ya kujua.