Kiti Kimoja cha Mbulu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Historia ya chaguzi zetu iliuthibitisha msemo huo, kisha ikaukanusha, kabla haijatimia miezi mitano.

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilichagua Baraza la Kutunga Sheria. Kati ya viti 71, TANU ilitwaa 70, na vingi vyao havikuwa na mpinzani. Kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, nchi ya milima ya Wairaqw ambamo Tumati imo. Huko Herman Sarwatt, mwanachama yuleyule wa TANU, alisimama kwa nafsi yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, akamshinda. Barazani hakuwa mpinzani; aliungana na wenzake. Kwa hesabu, Mbulu haikubadili kitu: Nyerere aliunda serikali bila kumhitaji mtu wa nje. Lakini kwa maana, watu wa Mbulu walikuwa wamesema: chama tunakipenda, mjumbe tutamchagua wenyewe.

Sasa vuka bahari. Tarehe 17 Januari 1961 Zanzibar ilipiga kura kwa viti 22. ASP ilipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaelekea ZNP, mmoja ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja; mizani ikasimama. Ikaongezwa kiti cha 23, na mwezi Juni kura ikapigwa upya: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii watatu hawakutengana. Mohamed Shamte wa ZPPP, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi wa serikali ya mseto. Lakini siku za kura hiyo ghasia zilikwisha kuua watu 68.

Sisi wenye kupima maneno tunajua mseto ni nini: mchele na choroko katika chungu kimoja, mpaka viive pamoja. Mseto wa 1961 ulikuwa na chungu, ila nusu ya wenye nyumba hawakualikwa. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Mseto ukabaki madarakani. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi.

Ilibidi tungoje hadi 31 Julai 2010, ambapo Wazanzibari, wapatao thuluthi mbili ya waliopiga kura, waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa, ili aliyeshindwa naye apate nafasi jikoni.

Nikiwaza hayo, huirudia Mbulu. Kule mtu mmoja alikwenda kinyume na chama chake, na hapana damu iliyomwagika. Huku kura moja ilitosha kuwatenganisha majirani. Tofauti haikuwa katika uzito wa kura. Kule aliyeshindwa alijua kesho yake yungali wa nyumbani. Huku hakuwa na hakika hiyo.