Mpira wa Vinyoya na Umbali wa Bwera

Mwezi Septemba mwaka 2021, katika uwanja wa Yoyogi mjini Tokyo, mpira wa vinyoya, yaani badminton, ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Wachezaji 90 walishiriki, wengi wao kutoka Asia na Ulaya. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke wa Uganda, Ritah Asiimwe. Medali zilikwenda kwa wengine, na magazeti ya dunia yakaandika habari za Wachina, Waindonesia, Wahindi na Wajapani waliozitwaa, kama ilivyo haki yao. Lakini kwa watu wa Afrika Mashariki swali lenye uzito ni jingine. Mchezaji wa Uganda alifikaje pale?

Jibu la swali hilo halimo uwanjani. Limo katika hesabu ya pointi na ya nauli.

Mchezo huu wa walemavu si wa jana. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1998 huko Amersfoort, Uholanzi. Mwaka 2011 ukawekwa chini ya shirikisho lile lile la dunia linalosimamia badminton ya wachezaji wengine wote, na mwezi Oktoba mwaka 2014 ukakubaliwa kuingia katika michezo ya Tokyo. Tangu siku hiyo raketi ya mlemavu ikawa na thamani mpya, na papo hapo ikawa na gharama mpya. Anayetaka kwenda Olimpiki hana budi kupanda katika orodha ya ubora, na hapandi ila kwa pointi azipatazo katika mashindano yaliyoidhinishwa. Mwaka 2019 mashindano hayo yalikuwa Uturuki, Dubai, Kanada, Thailand, China, Denmark na Japani. Yahesabiwe mabara, kisha ihesabiwe nauli ya mchezaji pamoja na msaidizi wake.

Katika orodha hiyo ya mwaka 2019 kulikuwa na mji mmoja tu wa Afrika, nao ni Kampala. Mwaka mmoja kabla yake, mji huo huo ulikuwa umepokea mashindano ya ubingwa wa Afrika. Waliofanya kazi ya kuyaleta mashindano hayo Uganda hawakutajwa sana, lakini pengine ndio walioifungua njia ya Tokyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kwa juma zima pointi za dunia ziliweza kutafutwa bila kupanda ndege. Jambo la pili lilikuwa kubwa vile vile. Kila mchezaji lazima apimwe na wataalamu ili awekwe katika kundi la wenye ulemavu unaolingana na wake: wanaotumia kiti cha magurudumu, wenye udhaifu wa miguu, waliokosa mkono, na wenye kimo kifupi. Upimaji huo hufanyika mashindanoni. Basi asiyeweza kusafiri hana hata kundi la kuchezea.

Hata hivyo Kampala si Uganda yote. Mtu atazame kutoka Bwera, mji mdogo wa wilaya ya Kasese ulio karibu na mpaka wa Mpondwe, ambapo upande wa pili ni Kongo na Kiswahili ni lugha ya soko. Kutoka Bwera hushukwa hadi Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, kisha hupandwa kaskazini mpaka mji wa Kasese. Kutoka hapo Kampala ingali mbali kwa zaidi ya kilomita 300. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe haichukui abiria siku hizi. Mwenye gongo husafiri kwa basi, na mwenye kiti cha magurudumu hutegemea huruma ya utingo.

Tena Bwera ni mahali ambapo ulemavu una historia yake. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka kutoka nchi iliyoitwa Zaire wakati ule wakaushambulia Mpondwe, na vita vikaendelea katika milima ya Rwenzori kwa miaka kadhaa. Mabomu ya kutegwa ardhini yaliwangoja wakulima katika njia za mashamba yao. Uganda ilitangaza mwezi Desemba mwaka 2012 kwamba imekwisha kuyasafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo. Ardhi ikasafishwa, miguu iliyokatika haikurudi. Kijana aliyejeruhiwa akiwa mtoto, na yule aliyezaliwa na ulemavu wake, wote wawili wanahitaji kitu kimoja ili waujaribu mchezo huu: nyumba.

Naam, nyumba. Kipira cha badminton hutengenezwa kwa manyoya 16 ya bata, uzito wake hauzidi sana gramu 5, na upepo kidogo tu unaoshuka kutoka milimani hukipeleka uutakako. Mpira wa miguu huchezwa popote penye nyasi, na mbio hukimbiwa barabarani. Badminton ya mashindano hutaka ukumbi wenye paa refu, sakafu isiyoteleza, mita 13.4 kwa 6.1 za mstari mweupe, na akiba ya vipira, maana vinyoya huvunjika upesi. Nchi iliyompeleka Tofiri Kibuuka, kipofu, kuteleza juu ya theluji ya Sweden katika michezo ya walemavu ya mwaka 1976 haiwezi kushindwa na sakafu na paa.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawatambua walemavu, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliwapa viti katika mabaraza, mwanamke na mwanamume. Kwa hiyo hata Kasese diwani wao yupo, na anapopitia makadirio ya fedha za wilaya anayo haki ya kuuliza ukumbi upo ukurasa gani. Mara nyingi hujibiwa kwamba michezo ni anasa na kwamba medali ni za nchi tajiri. Jibu hilo lilikuwa na nguvu kidogo mpaka tarehe 2 Septemba 2024, pale Mariam Eniola Bolaji wa Nigeria alipotwaa medali ya shaba mjini Paris, ya kwanza kwa Afrika katika badminton ya Olimpiki yoyote, ya walemavu au ya wengine. Tangu siku hiyo, diwani wa Kasese anaweza kulitaja jina hilo kabla ya kuuliza tena ukurasa wa ukumbi.