Mawe ya Sofala na Ufuko wa Beira

Mji wa Beira, katika nchi jirani ya Msumbiji, umekaa mahali ambapo mto Pungwe unaingia baharini, juu ya ardhi ya tope na mchanga ambayo kwa sehemu kubwa haipiti kimo cha maji yanapojaa. Wareno walipoanzisha kituo hapo mwaka 1887 hawakuwa wakitafuta mahali pa watu kuishi kwa salama. Walikuwa wakitafuta mlango wa kupitishia mali. Kampuni ya Msumbiji, iliyotawala eneo hilo hadi mwaka 1942, ilijali forodha na reli iliyofika Umtali, yaani Mutare ya leo, mwaka 1898. Kwa hiyo mji ulizaliwa ukiwa na deni kwa bahari, na waliokopa si waliokuja kulipa.

Wakoloni hawakukosa onyo. Kusini ya Beira ndiko ilikokuwa Sofala, bandari ya Waswahili iliyokuwa chini ya masultani wa Kilwa, ambayo dhahabu ya bara ilipitia kabla meli ya kwanza ya Ureno haijaonekana katika bahari hii. Mwaka 1505 Pero de Anaia alijenga ngome huko, na mwaka uliofuata Sheikh Yusuf, mtawala wa Sofala, aliuawa na watu wa ngome hiyo. Waliishinda Sofala, lakini hawakulishinda wimbi. Kwa muda wa karne kadhaa maji yalikula ufuko, mchanga ukaziba njia ya meli, na ngome ikabomoka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wareno walichukua mawe yake na kuyatumia katika ujenzi wa kanisa kuu la Beira. Mahali iliposimama ngome pamemezwa na bahari.

Yafaa ieleweke kwa nini pwani hiyo ni dhaifu kiasi hicho. Mbele ya Sofala na Beira sakafu ya bahari ni pana na kina chake ni kifupi, na kwa sababu hiyo maji hupanda sana. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika mita 6 hivi, na hata zaidi. Hapana mwamba wa matumbawe wa kuyavunja mawimbi kama ulivyo mbele ya miji mingi ya Tanzania na Kenya. Kinga ya asili ilikuwa matuta ya mchanga upande wa bahari na mikoko upande wa mito. Matuta yalipunguzwa kwa ujenzi, na mikoko ikakatwa kwa kuni na nguzo.

Badala yake zilijengwa kuta fupi zinazotoka ufukoni na kuingia baharini, na mivinje ikapandwa ili mizizi yake ishike mchanga. Kuta za namna hiyo hazizuii maji. Kazi yake ni kuunasa mchanga ambao mawimbi huuchukua kandokando ya pwani. Upande mmoja wa ukuta mchanga hujaa, lakini upande wa pili, uliokuwa ukiupokea mchanga huohuo, hubaki mtupu na kuliwa upesi zaidi. Hapo hudaiwa ukuta mwingine, na baada yake mwingine tena. Pia ukuta wa baharini hauna siku ya kumalizika: jiwe lililong'oka mwaka huu lisiporudishwa, mwakani hung'oka kumi.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975, na vita vilivyoanza miaka miwili baadaye havikuisha hadi 1992. Serikali iliyokuwa ikipigania reli, madaraja na chakula cha watu wake haikuwa na fedha za kutengeneza kuta za ufukoni. Vilevile maelfu ya wananchi waliokimbia mauaji ya vijijini waliingia Beira na kujenga palipobaki, yaani mabondeni na ukingoni mwa maji. Si haki kuwalaumu.

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliipiga Beira. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600, wengi wao katika mafuriko ya mito Pungwe na Buzi. Jambo moja halikutajwa vya kutosha wakati ule. Mwezi ulikuwa nusu, na maji yalikuwa maji mafu. Ulipevuka tarehe 21, pamoja na bamvua lake. Kimbunga hicho kingechelewa wiki moja tu, bahari ingeingia mjini ikiwa juu zaidi kwa mita kadhaa.

Kazi iliyokuwa imefanywa haikupotea. Kijito cha Chiveve, kinachopita katikati ya mji, kilikuwa kimechimbuliwa upya kwa msaada wa Ujerumani na kuwekewa lango, ambalo hufungwa bahari ikijaa na kufunguliwa ikipwa ili maji ya mvua yatoke. Baada ya kimbunga ilitayarishwa mipango ya kuukinga ufuko wenyewe, Benki ya Dunia na Uholanzi zikiwa miongoni mwa wafadhili.

Lakini kila ukuta una upande wa ndani na upande wa nje. Bandari, inayotegemewa pia na Zimbabwe, Malawi na Zambia, haikosi mtetezi. Praia Nova, mtaa wa wavuvi ulio ukingoni kabisa karibu na bandari hiyo, ulivunjwa na Idai, na familia nyingi zilipewa viwanja Mutua, katika wilaya ya Dondo, mbali na pwani. Viwanja ni vikavu na salama, ila hakuna samaki. Wavuvi kadhaa wamerudi Praia Nova na kusimamisha tena nyumba zao za mabati mchangani, nje ya kila ukuta.