Baraza na Amri: Maamuzi ya Wengi katika Historia ya Gatina na Dagoretti

Katika eneo la Dagoretti, ambamo kata ya Gatina imo hivi leo, mamlaka ya Wakikuyu kabla ya ukoloni yalikuwa mikononi mwa kiama, yaani halmashauri ya wazee. Aliyeitwa muthamaki alikuwa msemaji wao. Hakuwa na uwezo wa kutangua walilokubaliana. Yafaa ikumbukwe kwamba neno hilo hilo ndilo linalosimama katika Biblia ya Kikikuyu kwa maana ya mfalme.

Sheria ya 1902 kuhusu wakuu wa vijiji ilipindua mpango huo. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyefariki 1929, alitambuliwa na Waingereza kuwa chifu mkuu, naye akawajibika kwao wala si kwa kiama. Hata neno baraza halikusalimika. Pwani, baraza ni kikalio cha mawe mbele ya nyumba, ambapo watu huketi wakazungumza kwa usawa. Bara, likawa mkutano wa watu kukusanywa wasikilize amri. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa 1924 yalikuwa na wajumbe Waafrika, lakini mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya, Mwingereza, na azimio lisiloipendeza serikali halikutekelezwa.

Uhuru haukulimaliza tatizo. Mwaka 1983 Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa, na tume ya kuteuliwa ikaendesha jiji hadi 1992. Huenda madiwani walikuwa na makosa mengi. Hata hivyo adhabu iliwaangukia wapiga kura wa Kawangware na kwingineko, waliokaa karibu miaka kumi bila diwani wa kumchagua.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuuziba mwanya huo. Kwa mujibu wa kifungu cha 192, nje ya vita na dharura ya mgogoro wa ndani, Rais hawezi kuisimamisha serikali ya kaunti ila tume huru imekwisha kuchunguza na Seneti imeidhinisha. Na usimamishaji wowote hauzidi siku 90. Mwaka 2015 tume ilipendekeza kaunti ya Makueni ivunjwe, Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Nairobi ilipitia njia nyingine. Februari 2020 gavana mwenyewe, Mike Sonko, alitia saini mkataba chini ya kifungu cha 187, na shughuli za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango zikahamia serikali kuu, chini ya usimamizi wa afisa wa jeshi, hadi 2022. Hapakuwa na tume, wala siku 90. Kifungu cha 192 hakikuguswa.