Kwa Nini Linux Haiijui Skrini Yako: Historia Fupi

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mtu ana laptopu ya Linux, anachomeka skrini ya nje ya pikseli 1920 kwa 1080, lakini anapata 1024 kwa 768 tu, herufi zimevimba na zina ukungu. Wengi hulaumu kadi ya michoro na kuanza kutafuta pesa za nyingine. Subiri kwanza! Jibu limo katika historia.

Mwaka 1987 chuo cha MIT kilitoa X11, mfumo wa kuchora madirisha kwenye Unix. Miaka ya 1990 XFree86 iliuleta kwenye kompyuta zetu za kawaida. Enzi hizo mwenye mashine alisoma kijitabu cha skrini, akatafuta masafa yake, kisha akayaandika kwa mkono katika faili la XF86Config, kwenye mstari uitwao Modeline. Haukuwa mchezo: maelezo ya XFree86 yalionya kuwa masafa yasiyofaa yangeweza kuharibu skrini, zile nzito za CRT.

Mwaka 1994 shirika la VESA lilileta EDID. Ni kama kitambulisho cha skrini: baiti 128 zinazotaja mtengenezaji na vipimo inavyovikubali, zikisafiri ndani ya kebo ileile ya picha. Kuanzia hapo skrini ilijitambulisha yenyewe.

Mwaka 2004 ugomvi wa leseni uliwafanya wengi waiache XFree86 na kuhamia X.Org. Mwaka 2007 ikaja RandR 1.2, na amri ya xrandr ikaweza kupanga skrini ya pili bila kuwasha X upya. Mwaka 2009 keneli 2.6.29 ikaanza kuifanya kazi hiyo yenyewe, kwanza kwa kadi za Intel.

Lakini yote haya yanategemea zile baiti 128. Kebo ikiwa mbovu au adapta ikiwa duni, EDID haifiki, na keneli hubaki na vipimo vya tahadhari: 1024 kwa 768. Umerudi miaka ya 1990!

Kwa hiyo badilisha kebo au adapta kwanza. Ikishindikana, iandike Modeline kama wazee wetu, ila sasa cvt inakupigia hesabu. Kwenye X.Org:

cvt -r 1920 1080
xrandr --newmode "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
xrandr --addmode VGA-1 1920x1080R
xrandr --output VGA-1 --mode 1920x1080R

Badala ya VGA-1 weka jina ambalo xrandr inakuonyesha. Kwenye Wayland njia hii haifanyi kazi; huko ongeza video=VGA-1:1920x1080@60 kwenye mstari wa kuwashia keneli.

Kadi yako huenda ni nzima kabisa. Ilikosa tu kutambulishwa kwa mgeni.